STIKA YA VISTA: Kibandiko Kidogo Kilichowaingiza Mjini Hata Mabosi Wenyewe

Kuelekea Krismasi ya mwaka 2006, wauza kompyuta wa Marekani walikuwa na mtihani. Kila mteja alishasikia kwamba Windows mpya, iliyobatizwa jina la Vista, iko njiani. Na kila mteja alishasikia pia kwamba haitawahi sikukuu, itatoka Januari. Sasa nani atatoa hela Desemba kununua mashine ya zamani, wakati mwezi unaofuata kinakuja kitu kipya? Dawa ilikuwa kibandiko kidogo kilichogandishwa karibu na kibodi, kimeandikwa Windows Vista Capable. Yaani: mashine hii Vista inaiweza. Nunua tu leo na Windows XP yako, Vista ikifika utaiweka bila shida.

Watu wakaamini, wakanunua. Miezi michache baadaye wengine walikuwa mahakamani.

Huku kwetu wengi waliiona stika hiyo baadaye kabisa, kwenye laptop za mtumba, imeshachubuka kwa jasho la mkono wa mwenye mali wa kwanza. Ukiiuliza ilimaanisha nini, fundi anakwambia "hiyo ni pambo tu". Lakini nyuma ya pambo hilo kuna kisa cha mabosi kutupiana lawama kwa barua pepe, jaji kuzifungulia barua hizo hadharani, na kigogo mmoja wa kampuni kuishia na laptop ya dola 2,100 isiyoweza kuonyesha urembo ambao kampuni yake mwenyewe ilikuwa inautangaza dunia nzima.

Ili kisa kieleweke, lazima kurudi nyuma kidogo, kwenye ile orodha ambayo hakuna mtu anaisoma: mahitaji ya mfumo. Ni yale maandishi madogo kwenye boksi la programu yanayosema unahitaji prosesa ya kasi fulani, RAM kiasi fulani, nafasi fulani kwenye diski. Wengi huichukulia kama kipimo cha kisayansi, kama vile fundi kapima kwa rula akaandika alichokiona. Kumbe orodha hiyo huandikwa na watu, na watu hao wana bosi wa mauzo pembeni.

Chukua Windows 95. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Agosti 1995 watu walipanga foleni nje ya maduka kama vile kuna tamasha. Kwenye mahitaji iliandikwa kwamba mashine yenye prosesa ya 386DX na RAM ya MB 4 inatosha. Ndiyo, MB nne. Leo picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo. Na kweli Windows 95 iliwaka kwenye MB 4. Kuwaka ndiyo iliwaka. Ila RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha kila vinapotakiwa, na diski ni konokono ukiilinganisha na RAM. Kwa hiyo unabonyeza kitu, unasikia diski inakoroma, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado inakoroma. Orodha hiyo hiyo ilipendekeza MB 8, na waliojua walikuwa wanasema chini ya hapo usijaribu.

Shida ni kwamba RAM wakati huo ilikuwa mali. Megabaiti moja ilikuwa inakaribia au kupita dola 30 huko Marekani. Njaa hiyo ikazaa utapeli mmoja mtamu sana kuusimulia. Kampuni ya California ikaleta programu iitwayo SoftRAM, na baadaye SoftRAM95, iliyodai kwamba unaiweka tu kwenye kompyuta na RAM yako inakuwa mara mbili. Bila kununua chochote cha kuchomeka! Zaidi ya nakala 600,000 ziliuzwa. Jarida moja la kompyuta la Ujerumani likaamua kuifumua programu hiyo kuona inafanyaje muujiza huo, likakuta haifanyi lolote la maana. Kubwa lake lilikuwa kuonyesha namba nzuri kwenye skrini. Mwaka 1996 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ikaikalia kooni kampuni hiyo hadi ikakubali kurudisha fedha za watu. Ndivyo mstari mmoja kwenye orodha ya mahitaji unavyoweza kumfikisha mtu pabaya.

Kisha ikaja Windows XP, tarehe 25 Oktoba 2001. Prosesa ya megahezi 233, RAM MB 64, ingawa walipendekeza MB 128. Mwanzoni nayo ililalamikiwa kwamba ni nzito. Lakini XP ilibahatika kukaa mjini bila mpinzani wa nyumbani kwa zaidi ya miaka mitano, na katika miaka hiyo kompyuta zikakua, RAM ikashuka bei, na mfumo uliokuwa mzito ukawa mwepesi bila yenyewe kubadilika sana. Hiyo ndiyo siri kubwa ya XP ambayo wanaoililia hawaitaji: haikuwa nyepesi, ilisubiriwa na mashine.

Na kwa nini ilikaa miaka yote hiyo? Kwa sababu mrithi wake alikwama njiani.

Mrithi huyo aliitwa Longhorn kwa jina la karakana. Mwanzoni alitakiwa awe toleo dogo la kati tu, litoke karibu 2003. Kila idara ikaongeza la kwake. Mara mfumo mpya kabisa wa kutunza mafaili, mara madirisha ya kioo yanayopitisha mwanga, mara hiki, mara kile. Kufikia 2004 kitu kilikuwa kimevimba hakiendi. Januari mwaka huo, kigogo aliyekuwa anaisimamia Windows aliwaandikia wakubwa wake wawili barua pepe ya uchungu, akisema kampuni imepoteza dira, na kwamba kama asingekuwa mfanyakazi wa Microsoft angenunua Mac. Hebu fikiria: mpishi mkuu wa hoteli anasema yeye angekula kwa jirani! Barua hiyo ilibaki siri hadi ilipoibuka kwenye kesi nyingine huko Iowa, Desemba 2006, wiki chache tu kabla Vista haijafika madukani. Mwenyewe akajitetea kwamba alikuwa anatia chumvi makusudi ili wakubwa washtuke.

Agosti 2004 uamuzi mgumu ukafanywa. Kazi nyingi ikawekwa kando, mfumo mpya wa mafaili ukaondolewa kwenye mpango, na timu ikaanza upya juu ya msingi wa Windows ya seva ya mwaka 2003. Kilichonusurika, na ambacho matangazo yalikishikilia kwa mikono miwili, ni urembo ulioitwa Aero.

Aero kwa macho ilikuwa kitu. Kingo za madirisha zilikuwa kama kioo chenye ukungu, ukaona kwa mbali kilicho nyuma. Ukipitisha kishale juu ya programu pale chini, picha yake ndogo inajitokeza. Ukitaka, madirisha yote yanajipanga kwa mshazari kama karata mkononi. Lakini urembo una gharama yake. Kwenye XP, kila programu ilikuwa inajichora yenyewe moja kwa moja kwenye skrini. Kwenye Vista yenye Aero kila dirisha linachorwa kwanza pembeni, kwenye kumbukumbu, halafu chipu ya grafiksi inayakusanya madirisha yote na kuyapanga kuwa picha moja, mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana chipu dhaifu haifui dafu. Na haitoshi chipu iwe na nguvu, lazima iwe na draiva ya aina mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya Vista, wataalamu wakiiita WDDM.

Hapo ndipo alipoingia mhusika mwingine: chipu ya Intel ya 915. Ilikuwa chipu ya bei nafuu iliyojengewa grafiksi ndani yake, imejazana kwenye laptop za kawaida za miaka ile. Draiva ya WDDM kwa ajili yake haikuwepo na haikuwa inakuja. Ndugu yake mpya, 945, alikuwa sawa. Lakini 915 zilikuwa bado zinauzwa kwa wingi.

Kanuni ya kwanza ya stika ilikuwa ya haki kabisa: mashine isiyo na uwezo wa WDDM haipati stika. Kwa kanuni hiyo 915 iko nje. Kisha Januari 2006 sharti hilo likafutwa. Likafutwa hivi hivi. Sasa ili mashine ibandikwe Vista Capable ikawa inatosha kuwa na prosesa ya megahezi 800, RAM ya MB 512 na chipu ya grafiksi ya kiwango cha DirectX 9. Mashine yenye 915 ikaingia mlango wa mbele.

Nani aliomba? Mwaka mmoja baadaye meneja mmoja wa Microsoft aliandika kwa mwenzake, bila kupepesa, kwamba walishusha mahitaji ili kuisaidia Intel ifikishe mapato yake ya robo mwaka, iendelee kuuza mbao zake zenye 915. Intel kwa upande wake ilikana, ikasema bwana huyo hakuwa na namna ya kujua hesabu za ndani za Intel. Basi msomaji apime mwenyewe.

Aliyekasirika zaidi siku hizo hakuwa mteja, maana mteja alikuwa hajui kitu. Alikuwa mkubwa mmoja wa HP. Kampuni yake ilikuwa imeshaingia gharama kuhakikisha mashine zake zina grafiksi za kutosha kwa kanuni ya mwanzo, wakijua wenzao wavivu wataachwa. Ghafla wavivu wanapewa stika ile ile. Ni kama mwanafunzi aliyekesha akisoma, asubuhi anaambiwa mtihani umefutwa na wote wamefaulu. Akaandika barua ya kulalamika kwa wakubwa wa Microsoft. Na yule yule kigogo wa barua ya Mac, aliyekuwa bado anasimamia Windows, akawaandikia watu wake kwamba amechukia kupita kiasi na kwamba wameharibu kazi. Bosi mkubwa wa kampuni alipofikiwa akasema uamuzi ule hakuhusika nao. Walmart nao, ambao kazi yao ni kuuza tu, waliona hatari mapema: mteja wa kawaida ataisoma stika hii akaielewa vibaya.

Lakini stika ilikuwa imeshachapwa.

Kwa haki, ieleweke kwamba Microsoft haikuficha kila kitu. Kulikuwa na daraja la juu lililoitwa Premium Ready: prosesa ya gigahezi 1, RAM ya GB 1, na chipu ya grafiksi yenye WDDM na kumbukumbu ya kutosha. Aliyesoma tovuti zao angejua kwamba Capable maana yake ni kuweza toleo la chini, Home Basic, ambalo halikuwa na Aero kabisa. Sasa wangapi huenda dukani wakiwa wameshasoma tovuti? Stika ipo hapa, mbele ya macho, inasema Vista. Tangazo la televisheni nalo linaonyesha vioo na karata. Mtu anajumlisha moja na moja.

Tarehe 30 Januari 2007 Vista ikaingia madukani. Home Basic kamili ilikuwa dola 199, na toleo la juu kabisa, Ultimate, dola 399. Siku hiyo hiyo yule kigogo wa Windows akastaafu. Akaondoka zake, na baadaye akageukia gitaa, akatoa albamu za blues na rock. Ukiyajua aliyopitia, blues inaeleweka.

Waliobaki ndio waliouona moto. Mwenye mashine ya stika ya kawaida aliweka Vista akakuta haina kioo, haina karata, haina lolote la kwenye tangazo, na kompyuta iliyokuwa inakimbia na XP sasa inajikokota. MB 512 zilikuwa zinaliwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajafungua kitu. Mwenye mashine nzuri naye hakusalimika: printa haiitikii, skana haionekani, kisa draiva za Vista hazijatoka. Halafu kuna lile dirisha la kuomba ruhusa kila ukigusa kitu. Apple hawakuacha nafasi hiyo ipite, kwenye matangazo yao ya vijana wawili, mmoja Mac na mwingine PC, wakamuwekea PC baunsa wa kuuliza "unaruhusu?" kila akitaka kufungua mdomo.

Kilichofanya kisa hiki kiwe kitamu kuliko malalamiko ya kawaida ni kwamba moto haukubagua. Makamu wa rais mmoja wa Microsoft, mtu wa idara ya Windows yenyewe, alikuwa amejinunulia laptop ya Sony iliyotulia. Aliichagua kwa sababu ilikuwa na stika. Ndani ilikuwa na 915. Akaandika kwa wenzake kwamba ameungua yeye binafsi, na kwamba sasa ana mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe. Mjumbe mmoja wa bodi, mzee aliyewahi kuwa rais wa kampuni hiyo miaka ya themanini, akaandika kwamba ameweka Vista kwenye kompyuta moja nyumbani na ya pili ameiacha kwanza, maana vifaa vyake havina draiva. Mkuu mpya wa Windows akaeleza kistaarabu kwamba watengenezaji wengi hawakuamini kama Vista ingetoka kweli kwa wakati, hivyo hawakujiandaa. Na akakiri kwamba hata printa ya nyumbani kwake ilikuwa imechelewa kupata draiva.

Yaani mzee wa bodi, makamu wa rais na mkuu wa idara, wote wako kwenye foleni moja na mama aliyenunua laptop ya mwanae wa chuo.

Na ni mnunuzi wa kawaida kama huyo aliyeanzisha kesi. Mwanamke mmoja wa jimbo la Washington, ambako Microsoft ndiko makao yake, alikuwa amenunua kompyuta yenye stika kabla Vista haijatoka. Mwaka 2007 akaenda mahakama ya shirikisho ya Seattle. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu: Home Basic siyo Vista iliyotangazwa, kwa hiyo stika ilisema uongo. Microsoft ikajibu kwamba Home Basic ni Vista halali, ina ulinzi mpya, ina utafutaji mpya, na tofauti zote zilielezwa wazi. Basi mahakama nzima ikajikuta inajadili swali ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: Vista ni nini hasa? Ni kile kilicho chini ya boneti, au ni ule urembo wa juu? Wapenda magari wanaweza kubishana hapo hadi asubuhi.

Februari 2008 jaji aliruhusu kesi iwe ya kundi, yaani wanunuzi wote wa mashine za aina hiyo waingie kwa pamoja. Siku chache baadaye barua pepe zikafunguliwa, na mengi ya yaliyosimuliwa hapa juu yakaanza kumwagika magazetini. Novemba mwaka huo jaji akaamuru hata bosi mkubwa ahojiwe na mawakili. Mtaalamu wa uchumi aliyeletwa na walalamikaji akakadiria kwamba kompyuta milioni 19.4 ziliuzwa zikiwa na stika bila kufikia daraja la Premium Ready, na kuziboresha zote zifike hapo kungegharimu kati ya dola bilioni 3.92 na bilioni 8.52. Namba za kutisha hata kwa kampuni ile.

Lakini sheria ina milango yake. Februari 2009 jaji yule yule akaivunja kesi ya kundi. Sababu haikuwa kwamba stika ilikuwa safi. Sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuweza kuthibitisha kwa pamoja kwamba stika ndiyo iliyopandisha bei ya mashine hizo. Kila mtu akaambiwa anaweza kuendelea peke yake akitaka. Sasa nani atamlipa wakili kwa ajili ya laptop moja? Hapo ndipo wengi walipoachia.

Wakati mahakama inaendelea, Microsoft ilijaribu kuisafisha Vista kwa njia ya vichekesho. Julai 2008 ilitoa video za jaribio la San Francisco: zaidi ya watu mia moja ambao hawakuipenda Vista walioneshwa mfumo "mpya" uitwao Mojave, kamera zikiwa zimefichwa. Wakausifia. Kisha wakaambiwa, hii ni Vista ile ile mnayoiponda. Nyuso zao ni burudani tosha. Ila kuna kitu kimoja ambacho video hazikukipigia kelele: laptop ya jaribio ilikuwa na RAM ya GB 2, mara nne ya kile stika ilichosema kinatosha, na aliyeiendesha alikuwa mtaalamu, siyo wewe na printa yako ya zamani. Bila kukusudia, jaribio lile lilithibitisha kilichokuwa kinabishaniwa Seattle. Vista kwenye mashine ya kuifaa haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwenye mstari uliochorwa kuonyesha mashine ipi inaifaa.

Huku watu wakirudi nyuma kwa miguu yao. Jarida moja la teknolojia lilianzisha ombi la kuokoa XP na likapata zaidi ya saini 200,000. Mafundi kila kona ya dunia wakawa na kazi mpya, kutoa Vista na kupiga Windows ya zamani. Hata kampuni zilizonunua matoleo ya juu ya Vista ziliruhusiwa kisheria kushuka hadi XP Professional. Kisha mwishoni mwa 2007 Asus wakaleta kimashine kidogo cha inchi 7 kiitwacho Eee PC, RAM MB 512, hifadhi GB 4, kinatumia Linux, bei ya mtu wa kawaida. Vista isingekaa humo hata kwa kukunjwa. Microsoft ilikuwa imepanga kuacha kuuza XP Juni 2008. Ikabidi iirefushie maisha kwa ajili ya vimashine hivyo, la sivyo soko zima lingekwenda kwa jirani. Mzee XP akaendelea kupumua, na huduma yake rasmi ikafungwa tarehe 8 Aprili 2014, miaka kumi na mbili na ushee tangu azaliwe.

Windows 7 ilipotoka tarehe 22 Oktoba 2009, orodha yake ya mahitaji ilikuwa ujumbe tosha kwa waliofuatilia. Prosesa ya gigahezi 1, RAM ya GB 1. Karibu neno kwa neno daraja lile lile la Premium Ready la mwaka 2006. Miaka mitatu baadaye ndipo kampuni ilipoandika kama kiwango cha chini kile ambacho wahandisi wake walikijua tangu mwanzo. Mashine zilikuwa zimeshakua, draiva zilikuwa zimeshatoka kwa sababu ya Vista, na 7 ikapokelewa kama mkombozi. Vista ililima, 7 ikavuna. Ndivyo ilivyo hata kwenye muziki.

Mambo hayo yakatulia kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Juni 2021 Windows 11 ilipotangazwa. Safari hii mstari ulichorwa kwa upande wa pili. Badala ya kuwa chini mno, ukawa juu: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, yaani za kuanzia 2017 hivi. Kompyuta nzima kabisa, zinazocheza filamu na kufanya hesabu za ofisi bila jasho, zikaambiwa hazifai. Microsoft ilitoa na programu ya kupima kama mashine yako inafaa. Ikawa inasema "haifai" bila kueleza kwa nini, watu wakachachamaa, ikaondolewa ndani ya siku chache. Na kwa kuwa huduma ya bure ya Windows 10 ilipangiwa kufungwa tarehe 14 Oktoba 2025, mstari huo ulimgusa kila mwenye laptop ya mtumba.

Ila kulikuwa na kompyuta moja iliyoleta aibu kidogo. Microsoft yenyewe ilikuwa bado inauza Surface Studio 2, mashine ya kifahari ya mezani ya zaidi ya dola 3,000, ikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7. Kwa kanuni iliyotangazwa, haikuwa inafaa. Agosti 2021 orodha ikarekebishwa. Prosesa hiyo, Core i7-7820HQ, ikaongezwa kwa jina lake pamoja na chipu chache za mashine za bei mbaya. Nyingine karibu zote za kizazi hicho hicho, zile zilizomo kwenye laptop za kawaida, zikabaki nje.